Lebo ndogo ya roki: kutoka jina hadi ziara ya kiangazi, hatua kwa hatua

Kila ifikapo Mei napigiwa simu na kijana wa bendi fulani, na swali ni lile lile: "Kaka, tunataka kutoka na gari kiangazi hiki, tuanzie wapi?" Jibu langu huwaudhi, maana nawaambia walitakiwa waanze Septemba iliyopita. Klabu za Chicago na Minneapolis zimeshajaza Ijumaa na Jumamosi zao za Julai, kiwanda cha santuri kina foleni, na lile jina la lebo, yaani kampuni yao ya kutoa muziki, walilokwisha kulibandika kwenye bango, hakuna aliyekagua kama ni lao.

Nilizaliwa Mombasa, nakaa Ohio, na pamoja na wenzangu wawili naendesha lebo yenye bendi mbili tu za roki. Ofisi yetu ni chumba cha chini ya nyumba chenye unyevu, rafu za maboksi na mashine ya kukausha nguo. Mwongozo huu ni kwa Mswahili aliyeko Marekani mwenye bendi ya magitaa, anayetaka kutoa kazi zake bila kusubiri kampuni kubwa imwone. Aliyeko Nairobi au London atapata mengi humu ya kumfaa, ila ada na taratibu ninazotaja ni za Marekani.

Piga hesabu kinyumenyume. Ukitaka kuwa barabarani Julai, santuri ziwe mkononi mwanzoni mwa Juni. Ili zifike Juni, faili na michoro ya jalada viwe kiwandani Januari, na miezi hiyo mitano isikushangaze. Ili faili ziende Januari, miksi iwe imeisha Novemba. Na kabla hujachapa neno lolote kwenye jalada, jina liwe limeshakaguliwa.

Septemba: jina

Watu hutaka jina tamu. Mimi nataka jina ambalo hakuna mtu atakayekuja kuninyang'anya. Mwaka 1980 kule London Ivo Watts-Russell na Peter Kent walianza lebo wakaiita Axis. Walipokwisha kutoa singo nne wakagundua kuna Axis nyingine, ikabidi walitupe jina. Jipya walilitoa kwenye karatasi yao wenyewe ya matangazo, ambapo maneno "1980 forward" yalikuwa yakifupishwa mstari kwa mstari hadi yakabaki 4AD. Leo hilo ni miongoni mwa majina yanayoheshimika sana katika roki huru, lakini usitegemee bahati hiyo ikukute na wewe.

Kisa cha bei zaidi ni cha Apple. Kampuni ya The Beatles, Apple Corps, iliishtaki kampuni ya kompyuta ya Apple mwaka 1978. Mwaka 1981 wakapatana kwa dola 80,000, kwa sharti kwamba watu wa kompyuta wasiingie kwenye biashara ya muziki. Kompyuta zilipoanza kutoa sauti nzuri ugomvi ukarudi, na mwaka 1991 yakalipwa mamilioni 26.5. Duka la iTunes lilipofunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99, wakarudi mahakamani kwa mara nyingine, na hawakumaliza hadi 2007. Hao walikuwa na mawakili wa kutosha. Wewe una mkopo wa gari.

Kwa hiyo kaa chini jioni moja ufanye hivi. Andika jina kwenye tovuti ya Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, kutafuta ni bure. Litafute Discogs, tovuti inayoorodhesha rekodi za muziki, ambako hata lebo iliyotoa kanda moja mwaka 1987 imeorodheshwa. Litafute Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na Spotify na Instagram, halafu uangalie kama anwani ya tovuti ipo huru. Jaribu na matamshi yanayokaribiana, kwa sababu mkaguzi wa alama za biashara hatazami herufi peke yake, anasikiliza pia linavyotamkwa. Likipita, sajili kampuni ndogo kwenye jimbo lako ili deni la lebo lisije likakamata samani za nyumbani. Kumbuka kwamba kusajili kampuni jimboni si kumiliki alama ya biashara. Hayo ni mambo mawili, na watu huyachanganya kila siku. Ombi la alama ya biashara ni dola 350 kwa kila daraja la bidhaa. Rekodi za sauti ziko daraja la 9, nguo daraja la 25, maonyesho daraja la 41. Kama pesa ni kidogo anza na la 9, mengine yafuate fulana zikianza kutoka.

Na majina ya Kiswahili na lugha nyingine za kwetu? Yapo yanayokwenda mbali. Mwaka 2020 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi wanaopiga muziki mzito kupita kiasi. Sisi tukisikia duma tunaona mnyama anakimbia, kumbe wenyewe walikusudia giza, kwa Kikuyu. Mmoja wao, Lord Spikeheart, baadaye akaanzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, na yeyote aliyekaa kwenye ibada ya Kiswahili anasikia hekalu papo hapo. Tahadhari yangu ni moja tu. Jina letu la kwanza lilianza na ng', na kila tovuti ikaliandika kivyake: hii imefuta kile kialama, ile imegeuza kuwa alama ya kunukuu, nyingine imegoma kabisa. Mtu akitutafuta, haoni kitu. Tulilibadilisha kabla hatujatoa hata wimbo.

Jaribio la mwisho: simama karibu na spika ya klabu, mtajie baunsa jina la lebo mara moja tu, kisha mwombe aliandike kwenye simu yake. Akikosea, wanunuzi wako nao watakosea.

Oktoba: andikianeni

Katika roki huru kuna fahari ya kufanya kazi kwa kupeana mkono. Dischord ya Washington, iliyoanza 1980, imeishi miaka yote bila mikataba na bendi zake, na nawavulia kofia. Lakini soma pia yaliyoipata Touch and Go ya Chicago. Nayo iligawana faida nusu kwa nusu kwa maneno ya mdomo. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba makubaliano yasiyotaja muda yanaweza kuvunjwa na upande wowote, na bendi iliyoshtaki ikaondoka na rekodi zake.

Kurasa mbili zinatosha. Zitaje nani anamiliki masta (rekodi zenyewe za mwisho zilizotoka studio), lebo inaruhusiwa kuziuza kwa miaka mingapi, gharama zipi zinatolewa kwanza (studio, santuri, matangazo, si chakula chenu), faida inagawanywaje, na hesabu zitatolewa tarehe gani. Sisi ni nusu kwa nusu baada ya gharama, masta ni za bendi, lebo inazishika miaka saba. Karatasi ya pili iwe ya waandishi wa nyimbo: nani ana asilimia ngapi ya kila wimbo. Isainiwe kabla wimbo haujatoka, wakati bado mnacheka pamoja.

Novemba hadi Januari: faili

Hapa ndipo lebo ndogo huharibu zaidi, kwa sababu kazi inachosha. Studio ikimaliza, dai faili za WAV za biti 24, si MP3, pamoja na zile za santuri ambazo fundi wa masta hutengeneza tofauti. Hifadhi sehemu tatu, moja iwe nje ya nyumba yako.

Kila wimbo unapewa ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za nchi, tatu za mmiliki, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Msambazaji atakupa bure. Iandike kwenye jedwali lako, kwa kuwa siku ukihama msambazaji utahitaji namba ile ile, ama sivyo idadi ya waliosikiliza inaanza sifuri. Tunza pia namba ya bidhaa ya albamu nzima.

Msambazaji ni yule anayezipeleka nyimbo Spotify, Apple Music na kwingineko. DistroKid hutoza kwa mwaka. CD Baby hutoza mara moja kwa kila albamu na kubaki na asilimia 9 ya mapato. Ukiwa na bendi inayotoa nyimbo kila baada ya miezi miwili, ada ya mwaka inakufaa. Ukiwa na albamu moja inayotakiwa ikae hewani miaka kumi bila wewe kukumbuka kulipa, lipa mara moja.

Jaza taarifa kama unayejaza pasipoti. Jina la bendi liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye jalada. Kama wimbo ni wa Kiswahili, chagua Kiswahili kwenye sehemu ya lugha, usiache Kiingereza kilichojiweka chenyewe. Jalada liwe mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000, lisiwe na bei wala anwani ya tovuti. Waandishi na wapigaji waandikwe wote kwa majina yao kamili.

Kuna mtego mmoja wa lazima uujue: bendi mbili kuwa na jina moja. Singo yetu ya pili ilitua kwenye ukurasa wa mwimbaji wa injili wa nchi nyingine, anayetumia jina lile lile. Kwa siku tisa mashabiki wake walisikiliza magitaa yetu yakinguruma kati ya pambio mbili. Walivumilia kuliko nilivyotarajia, lakini takwimu za wiki ya kwanza zote zikapotea kwetu. Siku hizi, tunapopakia, tunabandika kiungo cha ukurasa wa bendi badala ya kuuacha mtambo ubahatishe, kisha tunakagua wiki mbili kabla ya siku ya kutoka.

Siku yenyewe iwe Ijumaa. Tangu Julai 2015 ndiyo siku ya dunia nzima. Pakia wiki nne au tano mapema. Spotify inataka uwape wimbo angalau siku saba kabla ndipo uingie kwenye orodha inayotumwa kwa wafuasi wako, na wahariri wao nao wanahitaji muda zaidi ya huo. Singo ya kwanza itoke Machi au Aprili, maana mpangaji wa maonyesho wa klabu akifungua barua pepe yako atataka kubofya kitu.

Kuhusu pesa, usijidanganye. Spotify hailipi bei maalumu kwa kila usikilizaji, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwa upande wa rekodi. Kwa makadirio ya theluthi ya senti kwa kila mara, faida ya fulana moja, dola 16, ni sawa na kusikilizwa mara 4,800 hivi. Ndiyo maana tunaweka albamu nzima Bandcamp, ambayo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya vitu vya kushikika, na inakupa barua pepe ya mnunuzi. Imebadilisha wenyewe mara mbili tangu 2022, kwa hiyo zile barua pepe zipakue kila mwezi uziweke kwako. Kwetu barua pepe 600 za watu walioshanunua ndizo zinazoamua tunapita miji ipi.

Halafu kuna mirabaha ambayo msambazaji hakukusanyii. Mtunzi ajiunge ASCAP au BMI, mashirika ya kuwakusanyia watunzi mirabaha, kwa ajili ya nyimbo kuchezwa hadharani. Ajiandikishe shirika la MLC, lililoanza kazi 2021, kwa ajili ya haki za kunakili wimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni. Lebo na bendi kila mmoja ajiandikishe shirika la SoundExchange kwa redio za intaneti na setilaiti: huko asilimia 50 ni ya mwenye rekodi, 45 ya msanii, 5 ya wapigaji wa kusaidia. Asiyejiandikisha fungu lake linakaa huko huko.

Santuri na fulana

Hapa nitapita haraka. Chapa santuri chache kuliko unavyotamani; 300 ni nyingi kwa bendi isiyojulikana. Omba nakala za majaribio na uzisikilize kwenye vyombo viwili tofauti. Kabla ya kuagiza, kumbuka kwamba Aprili kuna Record Store Day, siku ya maduka ya santuri, na viwanda hubanwa miezi ya kabla yake. Fulana: chapa za M, L na XL kwa wingi, usisahau 2XL, na rangi nyeusi itauzika hata kwenye joto la nyuzi 38. Usiniulize kwa nini.

Desemba hadi Aprili: kupanga ziara

Matamasha makubwa ya kiangazi hupanga wasanii wake nusu mwaka kabla au zaidi, mengi kupitia mawakala. Lollapalooza yenyewe ilianza 1991 ikiwa ziara ya kuzunguka nchi, ikatulia Chicago kuanzia 2005. Warped Tour ilizungusha bendi changa za pank nchi nzima kila kiangazi kuanzia 1995, na ya mwisho kuzunguka kikamilifu ilikuwa 2018. Ule mlango wa bendi ndogo kupanda basi la tamasha la kuzunguka umebaki mwembamba sana. Kwa hiyo jenga ziara yako kwenye klabu za watu 80 hadi 200, na tamasha dogo la mji likitokea katikati, ni zawadi.

Ukialikwa tamashani soma kifungu cha umbali: mara nyingi kinakukataza kupiga maili kadhaa kulizunguka, kwa wiki au miezi kadhaa kabla na baada. Bendi rafiki zetu walipoteza maonyesho matatu kwa kutokusoma mstari huo.

Chora ramani kwa duara, urudi nyumbani siku ya kumi hadi ya kumi na nne. Kutoka Ohio: Pittsburgh, Cleveland, Detroit, Chicago, Milwaukee, Minneapolis, kisha kushuka Iowa na St. Louis, Louisville, nyumbani. Usizidi saa sita za kuendesha kwa siku. Gari lililojaa vyombo hula galoni moja kwa maili 15 hivi, kwa hiyo maili 350 ni galoni 23; zidisha kwa bei ya wiki hiyo na uiandike kabla ya kukubali onyesho lolote. Jumatatu na Jumanne ziwekee miji yenye vyuo, au upumzike.

Barua pepe kwa klabu iwe na mistari sita: tarehe mbili unazotaka, bendi ya mji huo uliyokwisha kuzungumza nayo, kiungo kimoja cha wimbo, watu wangapi walikuja mara ya mwisho, na namba ya simu. Bendi ya nyumbani ndiyo inayoleta watu. Ichague kabla ya klabu. Wakikushikia tarehe bila kuithibitisha, uliza kuna wangapi mbele yako kwenye foleni ya tarehe hiyo.

Ukitaka kumleta mwanamuziki kutoka Kenya au Tanzania apige nawe kwa malipo, viza ya matembezi haifai. Kuna viza za wasanii, ombi linapelekwa na mwajiri au wakala wa Marekani, na si jambo la wiki mbili. Mtafute wakili wa uhamiaji Oktoba.

Julai: barabarani

Gari la abiria 15 linayumba likijazwa kupita kiasi. Usibebe mzigo juu ya paa, vyombo vizito vikae chini mbele ya ekseli ya nyuma, na upepo wa matairi upimwe kila asubuhi kabla hayajapata moto. Usiku, egesha mlango wa nyuma ukigusa ukuta, ili asiweze mtu kuufungua. Magitaa yalale chumbani na nyinyi.

Joto ndilo adui aliyetutia hasara. Oklahoma City, saa nane mchana, tuliacha maboksi mawili ya santuri garini tukaenda kula. Tuliporudi nikafungua moja nikailaza juu ya boksi la gitaa: ukingo umeinuka kama chapati inayoanza kuvimba kwenye kikaango. Santuri 50, mali yetu, kosa letu. Sasa zinakaa kwenye kisanduku cha barafu kisicho na barafu, na zinateremka pamoja na watu.

Mwisho wa onyesho anaenda mtu mmoja ofisini kwa hesabu, awe hajalewa. Mfano halisi: tulikubaliana dola 250, au asilimia 40 ya kiingilio baada ya gharama, kilicho kikubwa. Tiketi 84 kwa dola 15 ni 1,260. Gharama zilizoandikwa kwenye barua pepe zilikuwa 310. Karatasi niliyopewa ilisema 410, kukiwa na mstari wa "matangazo 100" ambao hatukuwahi kuuona. Nilifungua simu, nikamwonyesha yule bwana barua yake mwenyewe, akacheka, akaufuta. Mgawo wetu ukawa 380 badala ya 340. Dola arobaini ni nusu ya petroli ya kesho.

Meza ya fulana isimamiwe tangu milango inapofunguliwa hadi taa zinapowashwa. Weka taa ndogo, bei kwa maandishi makubwa, karatasi ya barua pepe, na kisomea kadi chenye chaji. Uliza mapema kama klabu inakata asilimia ya mauzo ya bidhaa. Nyingine hukata, na unaweza kubishana, ila kabla ya onyesho.

Kila usiku piga picha orodha ya nyimbo mlizopiga, jina la ukumbi na tarehe. ASCAP wana OnStage na BMI wana BMI Live: mtunzi akijaza nyimbo zake zilizopigwa jukwaani, analipwa. Ni pesa ndogo, lakini ni za wimbo wako mwenyewe, na zina tarehe za mwisho za kujaza.

Agosti: hesabu

Lala siku mbili. Kisha hesabu fulana na santuri zilizobaki, linganisha na jedwali, na ujaze zile orodha za nyimbo kabla hazijapotea kwenye simu. Waandikie wote waliokupa barua pepe, mji kwa mji, ukiwatajia usiku waliokuja. Piga jumla ya gharama kama zilivyoorodheshwa kwenye zile kurasa mbili, na ilipe bendi tarehe iliyoandikwa, hata kama mgawo wao ni dola 61. Mwaka wetu wa kwanza ulikuwa dola 61 kamili, watu wanne, na mpiga ngoma alidai apewe zake kwa sarafu.